Nyumba Inayoonekana Kutoka Kinshasa

Kila mara umeme ulipokatika kwetu Bagira, mashariki mwa nchi, shemeji yangu alipoteza nyumba. Ndivyo alivyosema mwenyewe kwa simu, kutoka Kinshasa, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa: "Belle-sœur, nimepoteza nyumba." Na mimi niko ndani ya hiyo nyumba, mtoto mgongoni, sombe ya majani ya muhogo motoni, ninamwambia nyumba haijaenda popote, ninaikanyaga.

"Siioni. Courant imerudi?"

"Imerudi sasa hivi."

"Basi numéro imebadilika. Ingia mu modem unisomee."

Ninaacha sombe. Ninaingia sebuleni, ninafungua kompyuta ya bwana yangu, ninatafuta ukurasa wa modemu, ninamsomea. Namba nne zenye nukta katikati. Yeye kule anarudia kila moja kama mwalimu anayesahihisha imla. Cent cinq ao cent vingt-cinq? Rudia. Nukta iko mbele ao nyuma? Rudia. Ninarudia, na harufu ya sombe inayoungua inanifikia kutoka jikoni. Kisha anasema "Ah, sasa naiona," anakata. Kwaheri hakuna. Watoto wamekula nini, hakuwahi kuuliza.

Nieleze, maana mtu asiyejua anaweza kudhani nilikuwa na shemeji mwendawazimu. Hakuwa mwendawazimu, na mimi ningemsamehe haraka kama angekuwa. Alikuwa na kamera nne. Alizileta mwenyewe likizo moja, kabla mji haujachukuliwa: moja langoni, moja nyuma, mbili kwenye kona za nyumba, zote na nyaya zinazoingia kwenye sanduku la kurekodi chini ya televisheni. Zilikuwa kamera za zamani. Ili azione akiwa Kinshasa, ilibidi aandike kwenye simu yake anwani ya intaneti ya nyumba yetu. Na anwani hiyo haikutulia. Kampuni iliyotuuzia intaneti, ile yenye antena juu ya bati, iliipa modemu anwani mpya kila ilipozimika na kuwaka. Umeme wa Bagira unajulikana. Kwa siku moja modemu ilizaliwa upya mara ambazo hata sikuhesabu, na kila ilipozaliwa, shemeji alipiga simu.

Nyumba ilijengwa na baba mkwe wangu, Mungu amrehemu. Aliacha wana wawili. Mkubwa ndiye huyo wa Kinshasa, mtu wa ofisi, mwenye shati jeupe hata kwenye picha za msiba. Mdogo ni bwana yangu. Bwana yangu alifanya kazi katika shirika moja la misaada, na vita vilipokaribia, shirika liliwaondoa wafanyakazi wake kwa ndege. Ndege ilikuwa ya wafanyakazi. Wake zao na watoto wao hawakuwa wafanyakazi. Alinibusu langoni, akasema ni ya siku chache. Kisha wale watu, waasi wa serikali, waliingia mjini, uwanja wa ndege wa Kavumu ukafungwa, benki zikafungwa, na bwana yangu akabaki kwa kaka yake Kinshasa, anakula samaki. Nyumbani nikabaki mimi, binti yetu wa miaka mitano, mdogo wake ambaye bado alikuwa anatambaa, na mama mkwe.

Kwetu nyumba ikibaki tupu wakati wa vita inapata mwenyewe mwingine. Anaingia na godoro lake na bunduki yake, na siku ukirudi anakuuliza wewe ni nani. Kwa hiyo watu wanaacha mtu. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Wanaume wanakimbia kwa sababu wanatafutwa, wanawake wanabaki kwa sababu nyumba inatafutwa. Hakuna anayelisema hivyo mezani. Wanasema tu: "Maman atachunga parcelle," yaani nyumba na kiwanja chake. Wanalisema kwa upole, kana kwamba wamekupa cheo. Mama yangu naye aliachwa kuchunga parcelle katika vita vya kwanza, na mimi tumboni mwake. Nilikua nikisikia habari hiyo kama hadithi ya ushujaa wake. Sasa nikiifikiria ninataka kumpiga mtu.

Nilichotaka kilikuwa kidogo sana. Nilitaka kuwapeleka watoto Miti, kijijini kwa mama yangu. Sidanganyi kwamba Miti ni peponi. Risasi zinajua njia ya Miti pia. Lakini kule nyumba ya mama imejaa watu: shangazi, wajomba, wajukuu, mgeni ambaye hakuna anayekumbuka alikuja lini. Bagira tulikuwa wanawake wawili na watoto wawili nyuma ya lango la chuma, na majirani wa pande zote mbili walikuwa wamekwisha kuporwa. Usiku walipopora nyumba ya kushoto, binti yangu alijifunza kuingia chini ya kitanda. Mimi ndiye niliyemfundisha. Nilimwambia: ukisikia, ingia. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Siku moja mchana, jua linawaka, kimya kabisa, nilimtafuta aje kula sikumwona. Nilimkuta chini ya kitanda na blanketi lake na kikombe chake cha plastiki.

"Umesikia nini?"

"Hapana kitu."

"Sasa unafanya nini kule?"

"Ninangojea."

Siku ile ile nilimpigia bwana yangu. Nilimwambia ninawaondoa watoto. Akasema: "Ongea na grand frère." Kana kwamba watoto niliwazaa na huyo kaka yake mkubwa.

Grand frère alisema nyumba haiwezi kubaki bila mtu. Na anwani ikibadilika, nani atamsomea?

Hapo ndipo kichwa changu kilipofunguka. Nilisoma sekondari mpaka nikapata diploma ya Serikali, hesabu sikuwa mbaya. Nilijiambia: huyu mtu ananihitaji kwa kazi mbili, kusoma namba na kukaa. Nikiiondoa ya kwanza, labda ya pili itaanguka yenyewe. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikamwacha mkubwa kwa mama mkwe, nikashuka mjini kwa minibasi.

Ofisi ya kampuni ilikuwa ghorofani juu ya duka la vitenge. Kaunta ilikuwa na dada mmoja mwenye kucha ndefu za bluu, anatafuna ubani wa bazoka. Nyuma yangu watu wamejipanga, kila mtu na hasira yake ya intaneti.

"Maman, shida nini?"

"Adresse yetu inabadilika kila courant ikikatika."

"Ndiyo, njo dynamique hiyo. Kila mutu iko nayo. Unaangalia filamu, unaongea na bwana, hauna hata haja ya kujua. Unataka fixe ya kufanya nini?"

"Elezea tofauti kwanza. Lakini elezea kama mutu, si kama ingénieur."

Alitoa bazoka mdomoni akaishika kwa vidole viwili, kumbe ni mtu anayependa kueleza. "Dynamique ni kama kulala kwa batu. Leo tunakupa kitanda hiki, kesho kile, chenye kiko wazi. Ukitoka, tunakipa mwingine. Fixe, kitanda ni chako. Hata ukizima, hata ukienda matanga, hakuna mwenye kukilalia. Ni ya batu benye kuingia kwabo kutoka inje: banque, bureau, benye kamera."

"Na ubaya wake?"

"Unalipa zaidi. Na mwenye kuijua, anaijua milele. Atakuja kugonga kila siku. Lazima ubadilishe mot de passe, neno la siri la zile kamera, usiache ile ya dukani."

Mzee mmoja nyuma yangu akasema: "Maman, wewe unafungua banque Bagira? Tukuletee feza?" Watu wakacheka. Hata mimi ningecheka siku nyingine.

Dada akaongeza kwamba kuna njia ya tatu isiyolipiwa: unajiandikisha mahali upate jina, na jina hilo linafuata anwani popote inapohamia. Unaandika jina, husomi namba. Nilimpigia shemeji pale pale kaunta, nikamwambia. Akasema yeye hawezi kuweka nyumba ya baba yake kwenye jina la bure la watu asiowajua.

"Basi ni fixe," nikasema. "Lakini nijibu mbele ya hawa watu. Nikiweka fixe, utaona nyumba saa yote bila mimi kukusomea?"

"Bila wewe."

"Hata kama siko nyumbani?"

"Hata kama hauko. Njo maana ya fixe."

"Nikiwa Miti?"

"Weka kwanza, belle-sœur. Ya Miti tutaongea."

Nilimgeukia dada wa kaunta. "Umesikia?"

"Mimi nauzisha internet tu, maman," akarudisha bazoka mdomoni.

Tukaweka fixe. Fundi wao alikuja kesho yake, akagusa modemu kwa muda mfupi kuliko nilioutumia kumpikia chai, akaondoka. Umeme ukakatika, ukarudi. Simu haikulia. Ukakatika tena. Kimya. Nilikaa jikoni ninapika sombe mpaka ikaiva, mara ya kwanza tangu mji uchukuliwe, na nikaanza kukunja nguo za watoto. Habari ya mot de passe nilimpelekea shemeji. Alijibu: "Usiguse kitu."

Sikujua nimejifunga kamba mwenyewe. Zamani shemeji alikuwa anaona nyumba vipande vipande, kati ya umeme na umeme. Sasa aliiona mfululizo, na mtu akiona kitu mfululizo anaanza kukisahihisha. Simu zikarudi, na sasa hazikuwa za namba.

"Belle-sœur, mbona nguo za watoto ziko mbele ya nyumba? Tuna nyuma."

"Jua iko mbele."

"Na ule mwanaume wa asubuhi?"

"Wa makala ya kupikia."

"Alikawia."

"Alikuwa anaingiza mifuko. Ulitaka niingize mimi?"

"Nauliza tu. Ni nyumba ya baba."

Nyuma yake nikasikia mtu anakohoa. Kikohozi kile ninakijua, nimelala karibu nacho miaka saba. Bwana yangu alikuwa ameketi pale kwenye kiti kimoja na kaka yake, wanaume wawili wazima na shati zao safi, wananiangalia ninafagia uwanja. Wameniona nikiinama. Wameniona nikimfukuza kuku. Na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba mtoto mkubwa hatoki tena nje kucheza, maana kamera haziingii chini ya kitanda.

Nilimwambia shemeji mizigo yangu iko tayari.

"Ya wapi?"

"Miti. Ulisema utaona hata kama siko."

"Nilisema nitaona. Sikusema uende. Kamera ni macho, belle-sœur. Macho haifungue portail mutu akigonga, haikohoe usiku ili mwizi ajue kuna mutu. Nyumba inaomba mutu."

"Basi njoo ukohoe."

Alikata. Baada ya dakika bwana yangu akapiga kuniambia nimemkosea heshima kaka yake.

Mizigo ikabaki imefungwa nyuma ya mlango. Kila siku binti yangu aliipita, akaigusa.

Walikuja mchana. Niseme hivyo kwa sababu watu wanadhani mambo kama haya yanangoja giza. Nilikuwa ninaanika unga wa muhogo uwanjani, mtoto mgongoni, mkubwa, jambo la nadra sana, ameketi mlangoni. Lango liligongwa kwa chuma. Nilifungua kwa sababu lango lisipofunguliwa linafunguliwa.

Walikuwa watatu. Aliyesema alikuwa na koti la mvua, ingawa mvua haikuwepo. Hakuniangalia mimi. Aliangalia juu, kwenye nguzo ya lango, ambako kamera ya shemeji ilikuwa inaangalia barabara. Shemeji aliielekeza barabarani makusudi, ili aone nani anakuja. Na barabarani wale watu walikuwa wanapita kila siku, na magari yao na masanduku yao.

"Hii inaangalia nani?"

"Lango, papa. Wezi."

"Picha inaenda wapi?"

Nilikuwa na jibu tayari mdomoni, jibu la kweli, lile ambalo ningempa mtu yeyote miaka yote ya maisha yangu: kwa shemeji yangu, Kinshasa. Lilifika kwenye meno likasimama. Kinshasa. Mji wetu walikuwa wanaupigania na serikali ya Kinshasa. Sisi tulikuwa tumeweka jicho kwenye barabara yao, jicho lenye anwani isiyobadilika, linalofunguka saa yote kwenye meza ya mtu wa ofisi huko Kinshasa, na mimi ndiye niliyeshuka mjini kulipigania nikidhani ninajikomboa. Nikasema:

"Inabaki mu nyumba. Mu sanduku."

"Na mwenye nyumba?"

"Alisafiri."

"Wapi?"

Binti yangu alisimama mlangoni. Yeye tulimfundisha kwamba mkubwa akiuliza, mtoto anajibu vizuri. Akajibu vizuri.

"Papa iko Kinshasa. Anatuonaka mu simu."

Mmoja wa wale wawili wa nyuma aliingia uwanjani akakanyaga unga wangu. Mwenye koti la mvua akainama kwa mtoto. "Anawaonaka? Anaona na sisi?" Mtoto akatikisa kichwa kwamba ndiyo.

Mama mkwe wangu alitoka ndani na kiti. Miguu yake ina ugonjwa, anatembea akishika ukuta, na alikuwa anakiburuta kile kiti kwenye simenti kikilia. Alikiweka mbele ya mwenye koti.

"Keti, mutoto yangu. Ule wa Kinshasa nilimuzaa mimi, uulize mimi. Unataka kujua anaangalia nini?"

"Sema, mama."

"Anaangalia bibi yake, huyu muke wake. Iko na wivu, tangu utoto, hata kuku yake alikuwa anaifunga kamba. Alienda kutafuta kazi kule, akaacha bibi kijana, mwenye kupendeza, unamuona. Sasa aliweka macho kila kona, kuona kama anaingiza wanaume. Mwenye makala akija, anapiga simu. Mwenye mayai akija, anapiga simu. Na leo ameona ninyi watatu. Mimi sijui kama atalala."

Kwanza hakuna aliyecheka. Kisha yule aliyekanyaga unga alitoa sauti puani. Kisha wote watatu. Mwenye koti la mvua alicheka mpaka akakaa kwenye kiti, akaniangalia kuanzia miguu mpaka kitambaa cha kichwa, taratibu, kama mtu anayehakikisha kwamba wivu ule una sababu. Mimi nilisimama pale nikicheka nao. Nilicheka. Ninataka iandikwe kwamba nilicheka, na kwamba taya ziliniuma mpaka jioni. Na lililoniuma kuliko bunduki ni kwamba mama mkwe hakuwa amedanganya sana.

Mwenye koti aliinuka, akaangalia kamera, akaipungia mkono. "Papa, bibi yako iko hapa. Ulale." Kisha akainua bunduki na kwa kitako chake akaisukuma kamera mpaka ikageukia ukuta. Akanigeukia bila kicheko. "Barabara haiangaliwe. Tukirudi tukute inaangalia barabara, hatutauliza mutu."

Simu ilianza kutetemeka kwenye pagne, kitenge nilichojifunga, kabla hawajafika kona.

"Wameenda?" Shemeji.

"Wameenda."

"Nimeona yote. Mungu ni mwema. Sasa ile ya portail naona ukuta tu. Panda juu ya kiti uirudishe polepole, nitakuongoza."

Nilingoja. Nilimpa nafasi. Nilifikiri sasa atasema watoto, sasa atasema mama, mama yake mwenyewe ambaye alikuwa ameketi chini kwenye unga kwa sababu miguu ilikataa kumrudisha ndani.

"Belle-sœur? Uko pale? Kile kiti cha maman kinatosha, panda hicho."

Nikaomba kuongea na bwana yangu. Akapewa simu.

"Uko muzima?" akauliza.

"Mutoto wako amesema mbele ya bunduki kwamba uko Kinshasa na unaona."

Akajibu: "Umufundishe asisemake." Kisha, kwa sauti ya chini: "Fanya vile grand frère anasema. Lakini uangalie wasikuone."

Sikupiga kelele. Watu wanaonijua hawaamini. Nilisema tu sawa, kesho asubuhi nitaigeuza, sasa nina unga wa kuokota.

Mama mkwe na mimi tuliokota unga pamoja, sehemu isiyokanyagwa. Binti yangu hakuwa uwanjani, na hatukuuliza yuko wapi. Nilimwambia mama mkwe: "Maman, kesho mimi ninaenda." Alipepeta unga mkononi, akatoa kijiwe.

"Na mimi unaniacha na kamera?"

"Nyumba ni ya mzee wako."

"Muzee amekufa. Hajanipigia simu hata moja." Akatupa kijiwe. "Miti kuna kiti cha kuegemea mgongo?"

"Kipo."

"Basi."

Asubuhi nilipanda kwenye kiti kama nilivyoahidi. Shemeji alikuwa kwenye simu, sauti kubwa, ananiongoza. Kushoto. Apana, kushoto yangu. Juu kidogo. Barabarani sikuirudisha, hata yeye hakuwa na uso wa kuniomba hivyo tena. Niliigeuza ndani, iangalie uwanja, kutoka mlango wa nyumba mpaka lango.

"Hapo, hapo. Usiguse tena. Sasa naona vizuri sana. Asante, belle-sœur."

"Unaona mlango?"

"Naona."

"Na lango lote?"

"Lote."

"Umeme ukikatika ukirudi, utaendelea kuona?"

"Njo fixe hiyo."

"Sawa," nikasema, nikakata.

Sikuzima modemu. Sikuchomoa waya hata mmoja. Nilihakikisha taa zote za sanduku zinawaka, hata vumbi nikafuta. Kisha tukatoka. Alitoka kwanza binti yangu na kikombe chake cha plastiki na blanketi. Akafuata mama mkwe, mkono mmoja ukutani, mwingine umeshika sufuria ya sombe iliyofungwa kwa kitambaa, maana alikataa kuiacha. Mimi nyuma, mtoto mgongoni, mifuko kichwani na mikononi. Tulipita uwanja wote taratibu, kwa sababu ya miguu ya mama. Kutoka mlango mpaka lango, mbele ya jicho. Simu ilianza kulia tulipofika katikati. Ililia tukiwa langoni. Ililia nikiwa ninafunga kufuli.

Niliijibu tukiwa kwenye barabara ya Kavumu, ndani ya gari, binti yangu ameketi kwenye magoti ya mama mkwe.

"Nyumba haina mutu," shemeji alisema. Sauti yake haikuwa ya mtu wa ofisi. "Unasikia? Nyumba haina mutu."

"Iko na wewe," nikamwambia. "Endelea kuangalia."

Nyuma yake yule mwingine alikohoa. Nikakata.

Kwa mama yangu walitupa kitanda cha chumba cha maharagi. Chini ya kitanda kumejaa mifuko mpaka inagusa mbao, hata paka hapiti. Usiku ule wa kwanza binti yangu alipiga magoti akainua shuka, akaangalia. Akajaribu kusukuma mfuko mmoja kwa mikono miwili. Haukusogea.

"Mama, hapa hakuna nafasi."

"Hakuna," nikamwambia.

Alifikiri kidogo. Kisha akaweka kikombe chake juu ya dirisha, akapanda, akalala juu.